Baiskeli ya Mama Pindo na Nguzo za Manispaa

Mtaani walimwita Mama Pindo, na jina hilo alilitolea jasho. Ukimpelekea suruali iliyokuzidi urefu, ataikunja, ataipitisha sindano kwa ndani, na ukija kuivaa hutaona uzi wala mkunjo. Utadhani ilitoka kiwandani ikiwa na vipimo vyako. Subira yake yote aliimalizia hapo kwenye pindo. Kwa mambo mengine alikuwa mwepesi kufurika kama maziwa jikoni, na wateja waliokuja kudai nguo kabla ya siku yake walilijua hilo.

Alikuwa na chumba cha kazi kando ya barabara, na kingine nyuma yake cha kulala. Kizingiti cha mlango alikiondoa kwa patasi siku aliyohamia. Mwenye nyumba alipiga kelele wiki nzima, halafu mama mzazi wa huyo mwenye nyumba akaanza kutembelea mkongojo, na mwenye nyumba akaja mwenyewe kuuliza kama anaweza kuazima ile patasi. Cherehani ya Mama Pindo ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa miguu ilimsusa tangu utotoni, ilipopita polio nyumbani kwao. Nje ya mlango, ikiwa imefungwa mnyororo kwenye nondo ya dirisha, ilikaa baiskeli yake ya matairi matatu: ile inayokwenda kwa kuzungusha pedeli kwa mikono, yenye mto wa mabaki ya vitambaa aliouunga mwenyewe, na ubao mpana nyuma wa kubebea majora.

Ubao huo ulibeba pia mtoto. Binti yake wa pekee, aliyefiwa na baba kabla hajajua kutembea, alipelekwa shule juu ya ubao huo miaka yote ya madarasa ya chini. "Shika sana," mama alikuwa akimwambia wakifika kwenye mteremko wa soko, na mtoto alimkumbatia kwa nyuma na kufumba macho. Wenzake walifika kwa miguu, vumbi limewapanda hadi magotini. Yeye alishuka langoni kama mke wa waziri, na alitaniwa kwa hilo mpaka akapigana.

Sheria moja ya nyumba haikuvunjwa: hakuna kugusa baiskeli bila kuuliza. Hata binti alipokuwa mtu mzima, mwenye kazi yake katika duka la dawa, aliuliza kwanza, "Mama, naweza?" Mama alijibu ndiyo au hapana, na maneno yakaishia hapo.

Watu walidhani ni kiburi, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mama Pindo alibebwa sana katika maisha yake. Alibebwa mgongoni na mama yake kwenda shule hadi mgongo ule ukachoka. Akabebwa na kaka yake, ambaye nauli yake ilikuwa kufanyiwa hesabu za nyumbani. Kisha akabebwa na yeyote aliyekuwa karibu. Kubebwa ni jambo tamu ukiwa bado unanyonya. Ukiwa mtu mzima mwenye nyumba na mtoto, ni jambo jingine kabisa. Siku moja alikwenda benki yenye ngazi, walinzi wawili wakamnyanyua, mmoja mabega, mwingine magoti, wakapanda naye huku wakibishana juu ya mpira wa jana. Walimweka mbele ya dirisha la keshia, na sketi yake ilikuwa imepanda mpaka pasipofaa. Hakuna aliyecheka. Foleni nzima iliangalia pembeni kwa huruma, na ni huruma ile iliyomfanya aape kwamba hatabebwa tena na mtu yeyote mpaka siku ya jeneza.

Kiapo kile hakikuwa rahisi kukitunza. Dada yake mkubwa alipolazwa hospitali ghorofa ya pili, na lifti imekufa, Mama Pindo alimjulia hali kutoka uani, akipaza sauti chini ya dirisha, na wodi nzima ikazijua habari za ukoo wao. Dada alicheka mpaka mshono ukamuuma. Alipona vizuri, lakini siku ile Mama Pindo alilia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa, ofisi za manispaa zilikuwa za zamani, zimeinuliwa juu ya ngazi pana za mawe kana kwamba waliozijenga waliogopa mafuriko, au wananchi. Mama Pindo na wenzake wa chama cha watu wenye ulemavu hawakupeleka mabango. Walikwenda kila Jumatatu asubuhi, wakakaa chini ya ngazi, wakawa wanawasalimia watumishi wanaopanda. "Shikamoo, mzee. Sisi tupo hapa chini." "Habari za asubuhi, dada. Tupo hapa hapa chini." Matusi mtu huyavumilia, lakini salamu ya adabu inayorudi kila Jumatatu humtafuna mtu pole pole. Mwishowe ikajengwa kando ya ngazi njia ya zege ya kupanda taratibu, ambayo watu waliizoea kwa jina la rampu. Siku ilipofunguliwa Mama Pindo alipanda hadi juu, akauliza utaratibu wa kupata kibali cha biashara, ambacho alikuwa nacho tayari, akashuka. Hakuwa na shida nyingine huko juu, alitaka tu kufika.

Rampu iliwafaa wengi ambao hawakuiomba: akina mama wenye watoto kwenye vigari, wasukuma mikokoteni, wazee wa magoti mabovu, hata mhasibu mmoja aliyevunjika mguu, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akisema hakuna fungu la kuijengea. Ubaya ni kwamba iliwafaa pia waendesha pikipiki. Walipanda nayo kuwashusha abiria mlangoni, wakaona veranda ina kivuli kizuri, wakaegesha humo. Alianza mmoja, likafuata kundi. Mambo yakaenda hivyo mpaka pikipiki moja ilipomkumba karani aliyebeba sinia la chai. Karani aliungua mkono, na haikuchukua muda zikachimbiwa nguzo tatu za chuma chini ya rampu, zimekaribiana, zimemiminiwa zege. Mtu wa miguu alipita katikati yake. Pikipiki haikupita, na baiskeli ya matairi matatu haikupita pia.

Hakuna aliyemwambia Mama Pindo. Alizikuta nguzo mwenyewe, siku alipokwenda kuutazama ukumbi wa msajili wa ndoa huko juu, kwa sababu binti yake alikuwa anafunga ndoa humo Ijumaa inayofuata.

"Pole, mama," alisema mlinzi, ambaye alimjua tangu enzi za zile salamu. "Hizi si kwa ajili yako. Ni za pikipiki."

"Nimezitazama kila upande," alisema Mama Pindo. "Sioni mahali zilipoandikwa hivyo."

Mlinzi alikuna kichwa, akaenda kumwita mhandisi. Mhandisi wa manispaa alikuwa mwanamke mpole, akashuka ngazi mwenyewe na kuchuchumaa ili wazungumze wakitazamana, jambo ambalo wakubwa wengi halijawahi kuwapitia akilini. Alikiri palepale kwamba walipoziweka nguzo waliwafikiria wanaogongwa, wakawasahau wanaopita. Akasema ile ya katikati inaweza kufanywa iwe ya kung'oka, itiwe kufuli, na ufunguo akae nao mlinzi.

"Ukifika unamwita tu, mama. Anakufungulia."

"Na akienda kula?"

"Unamsubiri kidogo."

"Na wewe, mwanangu, huwa unamwita nani ili upande ngazi zako?"

Mhandisi alizitazama ngazi, akasema kwamba akiziondoa leo, kesho pikipiki zitapanda tena, na safari hii akiumia mtu, kazi yake itaota mbawa. Hilo nalo lilikuwa kweli, na Mama Pindo alilijua. Aligeuza baiskeli, akarudi kwenye gauni la harusi.

Gauni lilikuwa limetandazwa juu ya meza ya kukatia, jeupe, bado halina mikono. Binti aliporudi kutoka kazini aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkoba begani.

"Si jambo kubwa," alisema. "Mjomba na rafiki zake watakubeba. Kufumba na kufumbua umeshafika juu."

"Sibebwi."

"Ni siku moja tu, mama."

"Hata ile ya benki ilikuwa siku moja."

Binti aliuweka mkoba chini. "Kwa hiyo nisimame pale mbele, msajili aulize mzazi wako yuko wapi, nimwambie yuko chini? Au tupigiane kelele dirishani, kama wewe na mama mkubwa?"

"Harusi inaweza kungoja nguzo ziondoke."

"Na mimi je? Zile nguzo na mimi, kipi kikubwa kwako?"

Mama Pindo alizungusha cherehani kwa hasira, akaunga kwapa na kola, ikambidi afumue yote. Alipoinua macho binti alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango. Alimpenda mtoto yule kuliko mboni ya jicho lake, na ndiyo maana alishikwa na hofu: kwamba binti akija kuikumbuka siku ya harusi yake, atamwona mama yake ananing'inia mikononi mwa wanaume, magoti juu, na wageni wote wameangalia pembeni.

Kesho yake alikuja mkwe mtarajiwa. Alikuwa mwendesha pikipiki, mrefu, mwenye adabu, na alikuwa na kikohozi cha aibu kilichomshika kila alipomwona mama mkwe. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akawa anazungusha helmeti magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Koo bado linakusumbua?"

"Linapona." Akakohoa. "Mama, nimesikia habari ya nguzo. Nimefikiri, mimi mwenyewe naweza kukubeba."

Mama Pindo alimtazama bila kupepesa. Mkwe kumbeba mama mkwe mbele za watu. Hata kijana mwenyewe, alipoyasikia maneno yake yakitua chumbani, alitamani ardhi impasukie.

"Una jingine?" aliuliza Mama Pindo.

"Ninalo." Helmeti ilizunguka tena. "Wa kwanza kupanda rampu ile kwa pikipiki ni mimi. Ilikuwa mvua kubwa, nina abiria mjamzito, nikasema nimfikishe mlangoni asije akateleza. Wenzangu waliniona. Kesho yake wakapanda hata wenye abiria wazima kabisa, na baadaye hata wasio na abiria."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema Mama Pindo.

"Sijaja kutaka pole, mama. Nimekuja kusema."

Jibu hilo lilimpendeza, ila hakuwa tayari kumwonyesha. Aliokota pini iliyoanguka kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye mto wake wa pini. "Umeifunga njia wewe. Nenda kaifungue wewe. Na usije ukaniletea habari za ufunguo."

Alikwenda, na siku zikapita bila neno. Kulisikika tu kwamba kwenye kituo cha pikipiki kuna mabishano makali, kila mmoja akiapa kwamba yeye alipanda mara moja tu, tena kwa dharura. Nyumbani mama na binti waliongea lugha ya vipimo. "Geuka." "Inua mkono." "Panabana?" "Hapabani." Chakula kililiwa kwa adabu ya wageni.

Mpaka ilipofika zamu ya pindo. Binti alisimama katikati ya chumba amevaa gauni, na mama alikaa chini kwenye mkeka, mdomo umejaa pini, akilizunguka gauni kwa kujivuta kidogo kidogo.

"Unakumbuka nilikuwa nafumba macho kwenye mteremko wa soko?" binti aliuliza.

Mama alitoa pini mdomoni. "Nitasahauje? Ulikuwa unanibana mpaka pumzi inakata. Mtoto mwoga wewe."

"Sikuwa naogopa. Nilikuwa najidai. Nilikuwa nasema moyoni, nani mwingine ana mama wa hivi."

Mama Pindo aliendelea kuchoma pini, na mbili akazichoma mahali pasipo penyewe. Aliwaza kwamba mtoto huyu hakuomba kuzaliwa na mama mwenye kiapo. Aliwaza pia kwamba mgongo wa mama yake mwenyewe haukuwahi kuulizwa kama uko tayari kubebeshwa.

"Mwambie mjomba wako aje na wenzake," alisema. "Watu wazima, wenye nguvu. Na wasizungumze habari za mpira."

Binti aliinama kumkumbatia, pini zikamchoma, akacheka na kulia kwa pamoja. Alipoondoka, Mama Pindo alitoa gauni lake la bluu alilotayarishia harusi, akalifumua pindo. Alichukua mnyororo mwembamba wa zamani, akauingiza mle ndani pande zote, akalishona tena kwa ile subira yake yote. Lingekuwa zito, lakini hata wangemnyanyua vipi, gauni lisingepanda.

Ijumaa ilipofika, mjomba na rafiki zake walitangulia manispaa. Walikuwa wamevaa suti, koti mkononi, mikono ya mashati wameikunja kama watu walioitwa kuhamisha kabati. Mama Pindo alikuja kwa baiskeli yake, na binti alitembea pembeni ameinua gauni. Mama aliipita kona ya mwisho ametazama chini, kwa sababu hakutaka kuziona ngazi kabla ya wakati wake.

Aliposimama na kuinua macho, aliona nguzo mbili. Mahali pa ile ya katikati alisimama mwenyekiti wa waendesha pikipiki, baba mtu mzima mwenye kitambi, amevaa fulana ya kung'aa, mikono ameibana ubavuni.

"Karibu, mama," alisema bila kutikisika. "Mimi ndiye nguzo. Nina zamu mpaka mchana, halafu ananipokea mwingine."

Bwana harusi alijitokeza nyuma yake, suti imemkaa vizuri, vumbi la chuma bado limo kwenye nywele. Alieleza huku akikohoa. Mhandisi alikuwa amekubali ile ya katikati ikatwe kabisa, isiwe na kufuli wala ufunguo, ila kwa sharti: waendesha pikipiki wenyewe wailinde rampu, na atakayepanda na pikipiki aondolewe kituoni. Wenzake walibisha mpaka jana jioni. Ruhusa ilipotoka, fundi wa kuchomelea alikuwa amekwisha kufunga, wakamfuata asubuhi kwake wakamtoa kwenye kifungua kinywa.

"Sikutaka kukuahidi jambo ambalo sijaliona," alisema. "Pita juu ya ubao huu, mama. Saruji bado mbichi."

Mama Pindo aliitikia kwa kichwa. Nguzo ya mtu ilisogea kando kwa heshima, tairi la mbele likapanda ubao, na mikono yake ikaanza kazi. Mnyororo uliomo pindoni ulikuwa unagonga chuma cha baiskeli kila pedeli ilipozunguka, na watu waliokuwa verandani waligeuka kuona nini kinalia. Hakuna aliyeangalia pembeni. Nyuma yake walipanda mjomba na rafiki zake, mikono mitupu, hawajui waiweke wapi.

Msajili alipouliza mzazi wa bibi harusi yuko wapi, jibu lilitoka safu ya mbele: "Nipo hapa juu." Mlinzi, aliyesimama mlangoni, alielewa, akalazimika kutoka nje akacheke. Karatasi zikatiwa sahihi, bwana harusi akakohoa mahali ambapo alitakiwa kusema ndiyo, ikabidi arudie, na mambo yakaisha.

Walipotoka verandani, pikipiki ya bwana harusi ilionekana ng'ambo ya barabara, imepambwa riboni kila mahali, wenzake wameizunguka wakipiga honi. Binti aliitazama pikipiki. Kisha akautazama ule ubao nyuma ya baiskeli ya mama yake, mpana, uliochubuka kona.

"Mama, naweza?"

"Utalichafua gauni," alisema mjomba.

"Gauni nimelishona mimi, kaka," alisema Mama Pindo. "Pindo lake nalijua. Panda, mwanangu."

Binti alikusanya gauni, akaketi, akamzungushia mama mikono kiunoni. Bwana harusi alipitia ngazi, kwa miguu, kwa kuwa rampu ilikuwa na mwenyewe. Mhandisi alitoka ofisini kutazama, na mlinzi alikuja mbio mbio.

"Mama, mteremko huo na uzito wa watu wawili. Nikushikie?"

"Niache, mwanangu," alisema. "Shika sana," akamwambia aliye nyuma.

Baiskeli ikaanza kushuka. Safari hii binti hakufumba macho. Kule chini mwenyekiti alisogea kando tena na kusimama wima kama askari wa gwaride, na honi zikazidi. Machozi yalimtiririka Mama Pindo hadi kidevuni, na hakuwa na namna ya kuyafuta: mkono mmoja ulikuwa kwenye pedeli, mwingine kwenye breki, na mgongoni alikuwa amebeba mtu.